Mwanamke wa Kharumwa

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Kiingereza Kidato cha Tatu hapa Masumbwe, na mada ilikuwa maneno ya kueleza tabia za watu. Watu wema tuliwamaliza kwa kipindi kimoja. Tulipoingia kwa watu wa kujificha-ficha ndipo nikaona Waingereza nao wana mambo: "sneaky", "sly", "shifty", "furtive", "underhand", "shady", na bado kitabu kinaendelea. Nikajaza ubao mpaka chaki ikanikatikia mkononi.

"Madam, yote haya si maana yake moja?" wakaniuliza.

Nikawaambia thubutu! "Sneaky" ni yule anayefungua kopo la sukari mama akiwa uani, halafu anafuta midomo. "Sly" ana akili zaidi, anakuchekea usoni na huku keshakuzunguka. "Shifty" ukimwuliza swali anatazama mlango. "Underhand" ni mambo ya chini ya meza, na hayo mnayajua, sina haja ya kueleza. "Furtive" ni jambo la haraka haraka, mfano mtu anayepokea simu huku amegeukia ukuta. Tulipofika kwenye "shady", mtu wa kivuli-kivuli, binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madam, kivuli kina ubaya gani? Si ndiko tunakokaa?" Darasa zima likacheka, na mimi nikatazama nje nikaona jua lilivyolala uwanjani. Nikamwambia Ulaya kuna baridi, kivuli hawakihitaji.

Mwisho nikawapa kanuni, na waliiandika kwa bidii: maneno haya yote yana mambo mawili ndani yake, kujificha na ubaya, na hayo mawili hutembea pamoja. Ukimwona mtu anajificha, tafuta ubaya. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Mfano wa simu na ukuta sikuutoa kitabuni. Niliutoa nyumbani kwangu.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu jambo likikaa tumboni siku mbili linachacha, lazima ulitoe, hata kama wa kumwambia ni muuza mchicha. Mume wangu ni Msukuma wa upande wa Nyang'hwale, fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kutwa nzima yuko kwenye kelele, jioni akirudi anataka kimya. Ukimwuliza habari za kazi anasema, "Nzuri." Ukimwuliza nzuri vipi, anasema, "Nzuri tu." Nimemzalia mtoto mtu huyu, na mpaka leo sijui kama wali anaupenda au anaula kwa sababu uko mezani.

Nilikuwa na kiu moja tu, digrii. Nina stashahada, na niliwaona walimu waliokuja nyuma yangu wakiondoka mmoja mmoja kwenda chuo Mwanza, wakarudi wakawa wakubwa wangu. Mkopo nilikosa. Mshahara wangu unaishia dukani na kwa mwenye nyumba. Wa kunipeleka chuo alikuwa mume wangu au hakuna. Kila nikimgusia anajibu, "Subiri kidogo." Haki ya Mungu, nilifika mahali nikawa nalichukia neno hilo kuliko tusi.

Na wakati mimi nasubiri, mwenzangu ana safari zake. Kila Jumamosi anawasha pikipiki. "Naenda kuangalia karasha Kharumwa." Karasha gani hilo linaloharibika Jumamosi tu? Anarudi jioni ananuka moshi na maziwa, viatu vina udongo, na njaa hana. Mwanaume anayerudi nyumbani jioni hana njaa, huyo kala mahali, na kapikiwa. Simu ikilia anatoka nje, anageukia ukuta, Kisukuma chake kinakuwa cha kasi nisichoweza kukishika. Naambulia "mayu" tu, mayu hivi, mayu vile, na neno hilo wao humwita mwanamke yeyote, kuanzia mama mzazi mpaka muuza ndizi.

Siku moja nikatafuta koleo kwenye begi lake la spana, nikakuta doti ya kanga. Mpya, imekunjwa vizuri, haijakatwa hata katikati. Nikairudisha kama ilivyokuwa. Moyo wangu ukafurahi, nikasema loh, leo nimekumbukwa! Nikapika samaki. Nikasubiri nipewe kanga yangu. Ijumaa ikapita. Jumamosi jioni nikafungua begi, kanga hakuna. Nilikaa chini pale pale kwenye saruji, koleo mkononi, nikaona nimefanywa mjinga kiasi hicho.

Jirani yangu tunayegawana naye ukuta ana saluni, na jioni hiyo hiyo nilimweleza yote huku ananisuka. Mkono ukamsimama kichwani kwangu.

"Doti ya kanga? Na wewe hujaivaa?" akasema. "Madam, pole. Huo si mchepuko tena. Hiyo ni nyumba ndogo kamili, ina jiko na ina kabati."

Wateja waliokuwa wanangoja wakatikisa vichwa kwa huzuni, na walifurahi sana. Jumapili mtaa wote ulikuwa na habari. Kanisani mama mmoja alinishika mkono asiuachie, akaniambia nisali. Mimi sikuwa na nguvu ya kusali. Nilikuwa napiga hesabu nyingine kichwani: kumbe ile "subiri kidogo" yangu inakwenda Kharumwa kila Jumamosi, inavalishwa kanga. Chuo changu kinaliwa na mwanamke ambaye sijui hata sura yake. Niliumia, na nisiseme uongo, zaidi ya mume niliumia chuo.

Jumamosi iliyofuata nikampeleka mtoto saluni, nikapanga nguo zangu na zake kwenye begi, nikaliacha limefungwa mlangoni. Nikifumania tu, narudi Muheza. Nikampa mume wangu nafasi ya kutangulia, halafu nikaenda stendi ya bodaboda. Dereva hakuniuliza naenda wapi. "Twende, Madam," akasema kwa upole, kama tunakwenda msibani. Stendi nzima ilijua.

Kharumwa tukauliza fundi anayekuja Jumamosi anafikia wapi, tukaonyeshwa njia inayotoka nje ya mji. Tukakata mashamba ya pamba mpaka kwenye boma lenye uzio wa minyaa. Pikipiki yake imeegeshwa hapo hapo mlangoni, haikufichwa. Nikashuka nimevimba. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, na mengine nilikuwa nimeyapanga kwa Kiingereza, ili yaume vizuri.

Mwanamke akatoka jikoni, amejifunga ile kanga. Ile ile, niliijua kwa rangi na maandishi. Nikafungua mdomo. Lakini mwanamke mwenyewe alikuwa na umri wa mama yangu, pengine zaidi, kichwa cheupe, mgongo umeanza kupinda, na mdomo wangu ukatoka na kitu kingine kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu. Karibu, karibu kiti."

Fikiria. Nimekwenda kufumania, nimeishia kuamkia. Nikaletewa kigoda, nikaletewa maziwa, na hasira bado iko palepale haijui pa kwenda. Mume wangu akatokea nyuma ya nyumba na mwenye boma, mume wa yule mama, mzee wa umri wake. Aliponiona akasimama. Hakutazama mlango wala hakushusha macho. Alinitazama jinsi anavyolitazama karasha lililokataa kuwaka.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Nionyeshe mwanamke wako."

Mzee na mkewe wakatazamana. Mume wangu akageuka akanifanyia ishara nimfuate, akanipeleka nyuma kwenye zizi. Walikuwamo ng'ombe, weupe, wekundu, na dume mmoja wa mabaka. Akasema, "Hawa ni wa chuo chako."

Mimi sikuelewa. Ikabidi yule mzee anieleze, na alinieleza kwa subira kwa sababu mimi ni mtu wa kuja. Kule kwao mtu hawezi kurundika mifugo yake nyumbani ionekane. Anapata ndama, anamweka kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, anapata samadi, analimia dume, na mke wa rafiki analetewa kanga na sukari kila msimu kama shukrani. Mwenye ng'ombe anakaa kimya na mwenye boma anakaa kimya. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, na mzee yule hajawahi kupoteza hata mkia wa mtu. Mume wangu alianza na ndama mmoja aliyempata kwa kutengeneza mashine ya mtu aliyekuwa hana kitu kingine cha kumlipa. Wakazaana. Kila Jumamosi anakwenda kuwaogesha dawa.

Nilishikwa na kilio na kicheko kwa pamoja. Jamani, chuo changu kina pembe! Nikanyoosha kidole nikaanza kuwahesabu kwa sauti, "Mmoja, wawili, watatu, wanne..." Yule mama wa kanga, aliyekuwa ametufuata, akanirukia. Akakishika kidole changu akakikunja kama anafunga kisu.

"Mayu! Ng'ombe hawahesabiwi hivyo, ni mkosi."

Hata mume wangu uso ulikuwa umembadilika. Nikaomba radhi. Njiani kurudi, nikiwa nimemkumbatia mgongoni kwenye pikipiki, nikamwuliza kwa nini hakuniambia muda wote huo.

"Ningekuambia, ungesema," akajibu.

"Mimi? Niseme kwa nani?"

Akaongeza mwendo, na mimi nikanuna mpaka Masumbwe. Kunionea gani huku!

Sasa nawaomba mnielewe. Mtaa mzima ulikuwa umemhukumu mume wangu. Mama wa kanisani alikuwa bado anamwombea mabaya. Mtu mwaminifu, mtu ananitafutia digrii kwa kuogesha ng'ombe kila Jumamosi, anaitwa mhuni, na mimi ndiye mke wake, nikae kimya? Hiyo haki iko wapi? Jumatatu asubuhi nilikuwa sijafika hata shuleni, nikapita saluni.

"Si mwanamke," nikamwambia jirani. "Ni ng'ombe!"

"Ng'ombe?" akasema, na niliona kabisa kwamba amehuzunika.

"Zizi zima!" nikasema, na hapo nikanyoosha mikono yote miwili kuonyesha ukubwa.

Jina la mume wangu likasafishika. Nilitembea Masumbwe kichwa juu kwa majuma kadhaa. Halafu shemeji akapiga simu, kaka yake mkubwa mume wangu, mtu wa maneno matamu ambaye kwa kawaida hunikumbuka Krismasi. Anasema wanakuja kutusalimia. Wanakuja kina nani? Wanakuja wote.

Walikuja na sala. Nataka hilo lieleweke vizuri, maana nimekaa nikalitafutia neno la Kiingereza mpaka leo sijalipata. Walikuja mchana kweupe, wamevaa vizuri, wakaegesha pikipiki barabarani kila mtu azione. Shemeji akafungua kikao kwa sala. Akashukuru Mungu kwa baraka alizoziweka kwenye ukoo. Akasema ndama wa kwanza wa mdogo wake ni mtoto wa karasha, na ufundi wa karasha mdogo wake alijifunza akiwa anakaa kwake, anakula kwake. Kwa hiyo ukitazama kwa makini, akasema, ng'ombe hawa ni wa familia. Kila mtu akatazama kwa makini. Mtoto wa shemeji anataka kuoa. Shangazi, paa la nyumba yake limeoza. Mwingine alikuwa na dume aliyekufa, akasimulia habari za dume huyo mpaka watu wakafuta machozi. Hakuna aliyenong'ona, hakuna aliyegeukia ukuta. Niliwapikia pilau mimi mwenyewe, nikawagawia na soda.

Mume wangu alikaa katikati yao. Kwao mtu mwenye ng'ombe wanaojulikana hawezi kumwambia ndugu yake hapana mbele ya watu. Angeweza kusema hana, kama wasingejulikana. Kila ndugu alipotamka haja yake, yeye akaitikia kwa kichwa, nao wakashukuru, "Wabeja, wabeja sana." Zizi likaisha kabla pilau haijapoa.

Wakati wa kuondoka shemeji akanishika mikono yangu miwili. Macho yake yalikuwa na upendo wa kweli, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Shemeji," akasema, "bila wewe tusingejua kitu. Mungu akuzidishie."

Nikaingia chumbani nikauma mto. Nililia kwa hasira, nikamtukana shemeji, nikamtukana shangazi na paa lake, na nilipowamaliza wote nikabaki na mtu mmoja wa kumtukana, naye alikuwa anauma mto. Mume wangu akaingia akakaa pembeni ya kitanda. Nilimwambia aseme, anitukane, anipige hata kofi, lakini aseme. Akasema, "Pilau ilikuwa nzuri." Basi.

Jumatatu nikaingia darasani nikakuta ile kanuni yangu bado iko kwenye madaftari yao. Nikawaambia waifute. Wakauliza kwa nini, nikawaambia Waingereza wana neno jingine, "discreet", la mtu anayeficha jambo na hana ubaya wowote, na nilikuwa nimeliruka kwa sababu haliji kwenye mtihani. Yule binti wa mbele akauliza, na anayefanya ubaya bila kujificha, akaja na sala, anaitwaje? Hilo la sala hakuliuliza yeye, nimeliongeza mimi. Nikamwambia nitakwenda kutazama kamusi.

Jumamosi ikafika, nikasikia pikipiki inawashwa. Nikatoka mbio.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia karasha Kharumwa."

Nikamtazama. Nikafunga geti kwa mkono wangu mwenyewe, nikamsogelea, nikamwuliza huko kumebaki nini, kwa sauti ya chini, sauti ambayo mimi mwenyewe sikujua ninayo. Akatazama ukuta wa saluni, kisha akanijibu kwa sauti ya chini zaidi.

"Kuna mtamba. Siku ile alikuwa kwa mdogo wake yule mzee wa boma. Hukumwona."

"Mbona kikaoni hukumtaja?"

"Waliuliza wale uliowaona."

Nikarudi ndani. Nilikuwa na doti ya kanga niliyojinunulia kwa ajili ya sikukuu, bado haijakatwa. Nikaichukua nikaitia kwenye begi lake la spana, chini kabisa, nikaweka na kilo ya sukari juu. Sikusema neno na yeye hakusema neno. Mtamba mmoja hafiki chuoni, najua. Lakini mtamba anazaa, na wale wa kwanza nao walianza na mmoja.

Tatizo lilikuwa saluni. Mwenzangu ana masikio, na pikipiki haiwashwi kimya kimya. Wiki hiyo hiyo, ameshika kichwa changu, akaanza.

"Madam, baba watoto bado anakwenda Kharumwa?"

"Anakwenda."

"Si ng'ombe wamekwisha? Sasa anafuata nini?"

Wateja wakatega masikio. Niliuona mkia wa mtamba wangu ukining'inia mbele ya mdomo wangu. Kwetu Muheza jambo linachacha tumboni, nimeshasema. Basi nikaacha lichache. Nikainamisha kichwa, nikashika pindo la kanga nikafuta jicho ambalo halikuwa na kitu.

"Ana mwanamke," nikasema.

"Mimi nilijua!" jirani akapiga mapaja. "Mimi nilisema tangu mwanzo! Ng'ombe, ng'ombe, wapi! Changa la macho lile!" Alifurahi mpaka akanisuka bure.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kwa shemeji. Akanipigia simu, akanipa pole ndefu, akaniambia nivumilie, wanaume ndivyo walivyo, na mdogo wake tangu zamani ni msiri sana. Hakuomba kitu. Ni mara ya kwanza tangu niolewe.

Mume wangu alirudi Jumamosi jua linazama, ananuka moshi na maziwa. Akavua viatu mlangoni, akakaa, akanitazama kwa muda.

"Nasikia nina mwanamke," akasema.

"Unaye."

Akawaza. Akanawa mikono, akavuta sahani, akamega tonge la kwanza, akalitazama.

"Basi ana mimba," akasema.

Nilianza kucheka nikiwa nimesimama, nikamalizia sakafuni. Nilijiziba mdomo kwa mto, lakini kicheko kilitoka hivyo hivyo, na yeye naye, yule bubu, mabega yakaanza kumtingishika. Asubuhi nilipotoka na ndoo ya maji jirani alikuwa ananingoja uani, ameshika tama.

"Nilikusikia jana ukutani, Madam," akasema. "Ulilia sana. Pole."

"Ahsante, jirani," nikasema, nikapokea pole yangu, nikaenda kuchota maji.